Bei na Maneno: Lugha ya Kupatana katika Masoko ya Mwisho wa Juma

Utangulizi

Jina Jumamosi limeundwa kwa maneno mawili: juma na mosi, yaani siku ya kwanza ya juma. Jumapili ni siku ya pili. Kalenda ya ofisi na shule imezigeuza siku hizi mbili kuwa mwisho wa juma, lakini kwa muuzaji wa sokoni hesabu ya kale ingali na maana. Jumamosi ndiyo siku ambayo wenye mishahara hupata nafasi ya kwenda kununua nyanya, ndizi na samaki, na pengine kiondo au mkeka. Wengine wanapopumzika, kazi yake ndiyo kwanza inaanza.

Isimujamii imeishughulikia lugha ya mahali hapa kwa jina la sajili ya sokoni au sajili ya biashara. Mada hii hutahiniwa katika karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, na karibu kila mwanafunzi anaweza kuorodhesha sifa zake: msamiati maalumu, lugha ya ushawishi, chuku, sentensi fupi, kuchanganya ndimi na kutozingatia sarufi. Orodha hiyo ina manufaa yake. Hata hivyo, haielezi lugha hiyo inafanya kazi gani, wala nani hunufaika au kupata hasara inapotumika.

Makala haya yanachunguza suala hilo kwa kulinganisha aina mbili za bidhaa zinazouzwa katika masoko ya mwisho wa juma nchini Kenya: chakula na kazi za mikono. Hoja kuu ni kwamba bei ya chakula hulindwa na kipimo, ilhali bei ya kazi ya mikono hulindwa na maneno. Maneno ya kazi yakipotea, anayepunjwa ni msusi au mchongaji.

Chakula na vipimo vyake

Mwanafunzi wa shule ya msingi hukariri nomino za makundi kama vile mkungu wa ndizi, chana la ndizi, mtungo wa samaki, tita la kuni na korija. Aghalabu hufundishwa kana kwamba ni mapambo ya lugha. Asili ya mengi ya maneno haya ni biashara na kazi. Mkungu na chana si visawe: chana ni sehemu ya mkungu, na anayeuza kwa chana amekwisha kugawa mzigo ili mwenye fedha kidogo naye anunue. Korija ni vitu ishirini, na anayeagiza korija ya mikeka ameshataja idadi bila kutamka tarakimu.

Pwani ilikuwa na mfumo kamili wa vipimo vya nafaka. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na visaga viwili vilifanya pishi. Kulikuwapo pia neno mfuto, lililotaja kipimo kilichofutwa juu kikawa bapa, tofauti na kile kilichorundikwa hadi kikatokeza juu ya ukingo. Neno hilo moja lilitosha kuzuia ugomvi, kwani kabla ya kuafikiana bei watu waliafikiana juu ya namna ya kujaza kipimo.

Masoko ya leo yana warithi wa vipimo hivyo. Debe na gorogoro hutumika kupimia mahindi na maharagwe, na gorogoro hufahamika kuwa mkebe wa takriban kilo mbili. Nyanya hupangwa mafungu. Vipimo hivi vina hila zake: mkebe unaweza kubonyezwa kitako ili upungukiwe, na fungu linaweza kupangwa zile kubwa mbele na zile ndogo nyuma. Hila inayojulikana zaidi ni lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kofia ya wavu au ya gunia jingine ili libebe zaidi ya ujazo wake. Mkulima hulipwa gunia moja, mnunuzi wa jumla akaondoka na zaidi ya gunia. Kenya ina Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na kanuni za mwaka 2019 kuhusu zao la viazi ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni la kiisimu. Kwa kuwa lumbesa ina jina, mkulima anaweza kuilalamikia, mwandishi wa habari anaweza kuiandika na mtunga sheria anaweza kuipiga marufuku. Jina halikuimaliza, lakini liliufanya udhalimu uonekane.

Sarufi ya kupatana

Baada ya kipimo huja mazungumzo. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata mtindo unaosikika katika masoko ya Nairobi:

Mnunuzi: Mama, habari ya leo? Hiki kiondo ni pesa ngapi?
Muuzaji: Nzuri, dada. Karibu. Hicho ni elfu mbili.
Mnunuzi: Ai, mama! Nipunguzie.
Muuzaji: Wewe unanipa ngapi? Sema yako.
Mnunuzi: Mia nane.
Muuzaji: Hiyo haitoshi hata kamba. Hii ni mkonge, si nailoni, na imesokotwa kwa mkono. Ongeza kakitu nikufungie.

Kwanza, salamu hutangulia bei, na pamoja na salamu huja majina ya ujamaa. Mama na dada si urembo. Mtu akikubali kuitwa mama huwa amekubali pia kwamba mazungumzo yatakuwa ya watu wanaoheshimiana, na mnunuzi aliyemwita mama hawezi kwa urahisi kuitukana bidhaa yake.

Pili, kauli ya kutendea ndiyo nguzo ya kupatana. Kitenzi punguza huelekezwa kwa bei. Nipunguzie huelekezwa kwa uhusiano wa watu wawili: punguza kwa ajili yangu. Ndivyo ilivyo kwa nichagulie, nipimie, niongezee na nikufungie. Kiambishi kimoja kinaihamisha bei kutoka katika kitu na kuiweka baina ya watu. Kwa sababu hiyo muuzaji anaweza kukubali bila kukiri kuwa bidhaa yake haina thamani: amepunguza kwa ajili ya mtu huyu, leo.

Tatu, dai kwamba sajili hii haizingatii sarufi linahitaji kupimwa upya. Katika Sema yako, nomino bei haikutamkwa, ila upatanisho wake umehifadhiwa: yako inatokana na ngeli ya I-ZI. Hicho ni cha kiondo, nacho kiko katika KI-VI. Imesokotwa inarejelea kamba, ambayo pia ni I-ZI. Wazungumzaji wanadondosha nomino kwa kuwa viambishi vinatosha kubeba maana, na hilo ni ushahidi wa umilisi.

Nne, kakitu kweli kinakiuka usanifu, kwa kuwa Kiswahili sanifu huunda udogo kwa KI-VI. Kiambishi ka- cha udogo kinapatikana katika lugha jirani za Kibantu kama Gikuyu na Kikamba, na wazungumzaji wamekihamishia katika Kiswahili chao. Matumizi yake yana shabaha. Muuzaji hasemi ongeza pesa. Anaomba jambo dogo, na kwa udogo huo anampa mnunuzi nafasi ya kupanda bei bila kuonekana kuwa ameshindwa.

Kazi ya mikono: bidhaa isiyo na kipimo

Katika mazungumzo hayo, muuzaji hana debe wala gorogoro la kumsaidia, na siku zilizotumika kusuka kiondo hazionekani machoni. Kinga yake imo katika sentensi moja: mkonge, si nailoni, imesokotwa kwa mkono. Hapo muuzaji ameacha kusihi na kuanza kutoa hoja.

Historia ya kiondo inaonyesha uzito wa sentensi hiyo. Neno lenyewe lina asili ya bara, ambako Wakikuyu husema kĩondo na Wakamba kyondo, na Kiswahili kikalipokea katika ngeli ya KI-VI, wingi wake ukawa vyondo. Mkonge uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani aliyeupanda Tanga. Kabla yake, vyondo vilisukwa kwa nyuzi za mimea ya kienyeji, zikiwemo za magome ya mbuyu miongoni mwa Wakamba. Kwa hiyo, katika jina moja la kiondo mna malighafi kadhaa na saa za kazi zisizolingana. Cha nyuzi za kiwandani na cha nyuzi zilizosokotwa kwa mkono vikiitwa kiondo tu, bei ya cha kwanza ndiyo itakayotawala.

Pwani imehifadhi msamiati mpana zaidi wa kazi kama hii. Miyaa huchanwa, huanikwa, pengine hutiwa rangi, kisha husukwa ukili, na ukili ndio unaoshonwa kuwa mkeka. Zao la usukaji huwa na majina mahsusi: msala ni wa kuswalia, jamvi ni la kutandika mahali pa watu wengi, kawa ni la kufunikia chakula, kifumbu ni cha kukamulia tui. Mnunuzi anayejua kwamba mkeka ni ukili ulioshonwa anaweza kuhesabu mishono na kutambua kazi iliyofanyika. Vivyo hivyo kwa uchongaji. Kupiga msasa, hatua ya kulainisha kinyago au chombo cha mawe ya sabuni kutoka Tabaka huko Kisii, kuna jina la mmea wenye majani ya kukwaruza yaliyotumiwa kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani.

Tatizo ni kwamba maneno haya mara nyingi hayasafiri pamoja na bidhaa. Soko maarufu la Nairobi liitwalo Maasai Market, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likihama uwanja kulingana na siku ya juma, hukusanya shanga, vyondo, vinyago na mawe ya sabuni kutoka pembe nyingi za nchi. Wengi wa wauzaji si watengenezaji. Msamiati wa kazi ukibaki kijijini, linalofika mjini ni bei ya mwisho na sifa za jumla kama safi sana.

Inaweza kupingwa kwamba maneno nayo hudanganya, na kwamba muuzaji anaweza kudai kazi ya mkono mahali ambapo mashine imetumika. Pingamizi hilo ni la haki, ila linaimarisha hoja. Sifa ya jumla haiwezi kukaguliwa. Neno mahsusi hukaguliwa: mkonge hupapaswa, mshono wa ukili huonekana, alama za patasi hutambulika. Kadiri neno linavyokuwa mahsusi ndivyo uongo unavyokuwa mgumu.

Mafunzo kwa wanafunzi na walimu

Kenya ilipoanza kutekeleza marufuku ya mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, mnunuzi wa chakula alilazimika kuja na chombo chake. Kikapu na kiondo vikapata sababu mpya ya kwenda sokoni, na chakula na kazi ya mikono vikakutana tena mkononi mwa mtu mmoja. Nafasi hiyo ni ya wanaisimu pia.

Mwalimu anaweza kuifundisha sajili ya sokoni kama mfumo wa hoja: nani anaomba, kwa kiambishi gani, na ana ushahidi gani wa bei yake. Mtafiti chipukizi anayekwenda sokoni na daftari asiridhike na kunukuu utani wa wachuuzi. Aulize jina la kila hatua ya kazi, jina la malighafi na jina la kasoro, katika Kiswahili na katika lugha ya msusi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo vinaweza kuandaa faharasa fupi za usukaji, uchongaji na utungaji wa shanga, kisha zikarudishwa kwa wauzaji wenyewe.

Hitimisho

Imebainika kwamba lugha ya kupatana bei ina sarufi, adabu na mantiki yake, na kwamba kuihukumu kuwa lugha iliyovunjika ni kutoisikiliza. Chakula kina vipimo, na vipimo vina majina yanayowezesha watu kudai haki, kama lumbesa inavyoshuhudia. Kazi ya mikono haina kipimo ila maneno yanayoisimulia. Msusi ambaye kazi yake haina jina sokoni hulipwa kana kwamba hakuifanya, na mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa kuyakusanya majina hayo angali yapo wanaoyajua.