SOMO LA JUMA: KUTA HAZISALIMII

Soma: Waebrania 13:1-2

Wapendwa, jina la Kanisa Kuu la Bujumbura ni Regina Mundi, yaani Malkia wa Ulimwengu. Jimbo lake lilianzishwa mwaka 1980, likawa Jimbo Kuu mwaka 2006; katikati hapo, vita vilivyoanza 1993 vilitawanya watu wengi. Wageni huingia kutazama kuta na altare. Lakini kuta hazisalimii mtu. Sisi tuliopokelewa ugenini twajua: tunayemkumbuka ni yule aliyesogea kwenye benchi akasema, “Karibu, keti.”

Maswali ya kutafakari:
1. Nani alikupokea ulipofika hapa?
2. Jumapili iliyopita, mgeni aliketi karibu na nani?

Mungu awabariki.