Kabla Kekee Haijazunguka
Mwongozo wa kuchimba mashimo ya nguzo kwa trekta, Kariakoo

Mwenyeji wa Kariakoo ukimtajia shimo, atadhani unaulizia Shimoni, sehemu ya chini ya soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Kijitabu hiki kinahusu mashimo madogo zaidi: ya nguzo za uzio wa ujenzi, za vibao na za vivuli vya maduka. Kimeandikwa kwa ajili ya dereva wa trekta, fundi, kibarua na mwenye duka anayewapa kazi.

Kekee ya haidroliki hufungwa kwenye trekta na kuzungushwa kwa mota inayosukumwa na mafuta. Shimo la kumtoa kibarua jasho kwa sururu, yenyewe hulimaliza kwa dakika chache. Lakini mwenye sururu husikia chuma kikigonga bomba, akasimama. Kekee haisikii. Kwa hiyo kusikiliza ni kazi yenu, na hufanyika kabla ya kuwasha.

CHINI YA KARIAKOO KUNA NINI?

• Mabomba ya maji safi na ya majitaka.
• Nyaya za umeme na za simu.
• Mashimo ya vyoo vya zamani. Kabla ya maghorofa, hapa palikuwa na nyumba za Kiswahili zenye vyoo vya shimo uani. Nyumba imeondoka, shimo huenda limebaki.
• Mchanga. Ukilowa hauna msimamo; kuta za shimo humomonyoka.
• Misingi ya majengo jirani. Jengo la ghorofa nne lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20. Usichimbe kando ya ukuta wa ghorofa bila ushauri wa mhandisi.

KABLA YA KUCHIMBA

1. Pata kibali. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu chini ya TANROADS. Ulizia pia Halmashauri ya Jiji.
2. Waombe TANESCO, DAWASA na kampuni za simu wawaonyeshe njia zao. Wekeni alama kwa rangi.
3. Tazama juu. Mlingoti wa kekee ukiinuliwa unaweza kugusa waya.
4. Penye shaka, chimba kwa mkono mpaka mita moja. Kwa nguzo fupi, maana yake shimo lote litachimbwa kwa mkono. Na iwe hivyo. Ukikuta utepe wa onyo, matofali yaliyopangwa, au mchanga laini usiofanana na udongo wa pembeni, simama: huenda chini yake kuna waya.
5. Zungushia eneo utepe na weka mtu wa kuzuia wapita njia. Mpagazi mwenye mzigo kichwani haoni miguu yake, na msukuma mkokoteni hasimami ghafla.

WAKATI WA KUCHIMBA

Dereva abaki kwenye kiti. Ndiye peke yake anayegusa vidhibiti. Wengine wasimame mbali. Kanga, kanzu, shati lisilofungwa vifungo au kamba ya kitambulisho ikinaswa na kekee, humvuta mtu kabla hajapiga kelele.

Kamwe mtu asining'inie kwenye mlingoti ili kuongeza uzito. Kekee isipozama, meno yameisha au imegonga kitu kigumu. Uzito wa kibarua si dawa.

Zamisha kidogo kidogo, kama sentimita 30, kisha inua ili udongo utoke. Ukiizamisha yote kwa pamoja, udongo huibana. Ikikwama, izungushe kinyume taratibu. Hiyo ndiyo nafuu ya mota ya haidroliki. Usiing'oe kwa nguvu za trekta, kwani trekta linaweza kunyanyuka gurudumu.

Kabla ya kugusa meno au kutoa mzizi, shusha kekee chini, zima injini, toa ufunguo.

MAFUTA YANAYOCHOMA NGOZI

Mpira wa mafuta ukitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kwa kasi ya kupenya ngozi. Usipapase kwa mkono. Pitisha kipande cha boksi, mafuta yataacha alama. Aliyepenywa aende hospitali papo hapo, hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi. Amwambie daktari: "Ni mafuta ya haidroliki." Akisubiri kesho, anaweza kupoteza kidole au mkono.

BAADA YA KUCHIMBA

Chimba, simika, shindilia, ondoka. Shimo lisilopata nguzo saa hiyo lifunikwe kwa ubao mzito uliokazwa. Jani la mgomba au boksi si kifuniko, ni mtego.

UKIKATA WAYA WA UMEME

Dereva asishuke. Wengine wakae mbali, angalau mita 10, na wapigie TANESCO. Kama trekta linawaka moto, dereva aruke miguu ikiwa pamoja, asiguse trekta na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburuza miguu. Zimamoto ni 114, polisi ni 112.

Ukitoboa bomba la maji, zima mashine, zuia watu na uwaite DAWASA. Usifukie na kuondoka: mchanga wa Kariakoo utaendelea kusombwa chini kwa chini, na atakayezama si wewe, ni mpita njia wa kesho.