Kabla ya Kulala, Itazame Miguu Yako

Uso tunautazama kwenye kioo kila asubuhi. Miguu tunaikumbuka ikishauma, na ikifika hapo mara nyingi shida ina wiki kadhaa tayari. Kila mguu, kuanzia kifundo kushuka chini, una mifupa 26 na viungo zaidi ya 30, na mengi yanayoharibika huko huanza na kitu kidogo kinachoonekana kwa macho: wekundu, ufa, ngozi iliyolainika, uvimbe wa upande mmoja. Vidokezo hivi ni vya watu wanaosimama kutwa nzima, yaani muuza genge, mwalimu, mlinzi, muuguzi, kinyozi. Ni vya yeyote pia mwenye mzazi anayeishi na kisukari.

1. Tenga dakika mbili jioni

Ukishanawa miguu, kaa kitandani au kwenye kigoda, pandisha mguu mmoja juu ya goti la pili na uukague: unyayo, kisigino, kila nafasi kati ya vidole. Washa tochi ya simu. Asiyeweza kuinama, kwa mgongo au kwa ujauzito, aweke kioo kidogo sakafuni. Halafu pitisha kiganja, kwa sababu mkono hugundua joto na uvimbe ambao jicho halikuuona. Unachotafuta ni kitu kigeni chochote ambacho jana hakikuwepo.

2. Kausha katikati ya vidole

Ngozi ikiwa nyeupe, imelainika na inawasha, hasa kati ya kidole kidogo na jirani yake, huenda ni fangasi. Hupenda unyevu, ndiyo maana anayetawadha mara tano kwa siku kisha akavaa soksi miguu ikiwa mibichi huwapa makazi bila kujua. Taulo dogo kwenye mkoba linatosha. Dukani dawa ipo, krimu ya klotrimazoli ni mojawapo, lakini wengi huiacha muwasho ukikoma tu. Endelea kupaka kwa wiki mbili zaidi baada ya ngozi kuonekana safi. Soksi ziwe za pamba na zibadilishwe kila siku, na kama una jozi mbili za viatu, zipishane ili kila moja ipate kukauka.

3. Magaga hayataki wembe

Ngozi ya kisigino ikikauka ikawa nene, hupasuka ukiikanyagia uzito, na viatu vilivyo wazi nyuma huiacha itanuke zaidi. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe, kausha, kisha paka mafuta mazito papo hapo. Krimu yenye yurea hulainisha vizuri kuliko mafuta ya kawaida. Vaa soksi za pamba ulale nazo. Wembe hukata ngozi nzima pamoja na iliyokufa, na ufa unaovuja damu ni mlango wa vijidudu, kwa hiyo ufunike na uende zahanati. Mwenye kisukari asiloweke, apake tu.

4. Kucha zikatwe kwa kunyooka

Ukizungusha kona, ukucha wa kidole gumba hukua ukizama nyamani, na maumivu yake hayamwachi mtu kuvaa kiatu. Kwa wale wanaotengenezewa kucha na vijana wanaopita mitaani na vikapu vyao: kazi yao nzuri, lakini kuwa na mkasi na tupa yako mwenyewe. Kifaa kinachotoka mguu mmoja kwenda mwingine bila kusafishwa husambaza fangasi, na kikikata ngozi husambaza zaidi ya fangasi.

5. Nunua viatu jioni, na uende na kipande cha boksi

Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo kiatu kilichokutosha saa tatu asubuhi kinaweza kukubana saa kumi na moja jioni. Kabla ya kutoka nyumbani, simama peku juu ya kipande cha boksi, mtu akuchoree mguu kwa kalamu, miguu yote miwili maana mara nyingi hailingani. Kata umbo hilo uende nalo. Ukiliweka chini ya kiatu nalo likachomoza pembeni, kiatu hicho kitakubana hata muuzaji akiapa kwamba kitaachia. Ukishavaa, simama: kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba.

Mtumba unahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu aliyevaa kwanza ameacha mwendo wake ndani ya soli. Ukiwa kwenye soko la mitumba kama Karume au Gikomba, weka kiatu mahali tambarare ukitazame kwa nyuma. Kama kisigino kimelalia upande, kirudishe, kitakufundisha kutembea umelala vilevile. Kikunje: kikubali kukunjika panapokaa vidole, kigome katikati. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole. Ikibaki imedidimia, imekufa. Halafu ingiza mkono mpaka mwisho upapase misumari, gundi iliyokauka na mishono iliyoinuka, kwani hapo ndipo malengelenge huanzia. Raba ya mtumba iliyovaliwa kidogo, ikapita majaribio haya, mimi naiona bora kuliko kiatu kipya cha plastiki ngumu. Fundi viatu atakubadilishia soli ya ndani kwa bei ndogo.

6. Mchuchumio uende ukumbini ndani ya mkoba

Vaa viatu bapa njiani, badilisha mlangoni. Kandambili nazo ni za bafuni na uani. Ukitembea nazo mwendo mrefu, vidole hujikunja kila hatua ili visiteleze, na unyayo huchoka.

7. Kisigino kinachouma hatua ya kwanza ya asubuhi

Unashuka kitandani, unakanyaga, maumivu makali chini ya kisigino, kisha baada ya hatua kadhaa yanapungua. Mara nyingi ni ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda kwenye vidole, umechokozwa na kusimama sana, uzito au viatu vyembamba. Usisimame kwanza. Ukiwa bado umekaa, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, hesabu mpaka kumi, achia, rudia mara kumi. Mchana, simama ukiuegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, unyooshe misuli ya nyuma ya mguu. Jioni, gandisha maji kwenye chupa ndogo ya plastiki uiviringishe chini ya unyayo. Usitembee peku juu ya saruji au vigae. Wengi hupona bila upasuaji, ila huchukua miezi, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.

8. Enka ikiteguka, maji ya moto yasubiri

Mpira wa Jumapili, shimo la barabarani, ngazi ya daladala: mguu unapinda kwa ndani na kano za upande wa nje zinavutika au kuchanika. Toka uwanjani, hata kama imebaki dakika moja. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa mbili au tatu siku hiyo. Funga bandeji ya kuvutika, isikaze mpaka vidole vikapoa au kufa ganzi. Lala na mguu umeinuliwa kwa mito.

Nyumba nyingi hukimbilia maji ya moto yenye chumvi, na mara nyingi ni bibi au shangazi anayekuja na beseni kwa upendo wote. Mshukuru, mwombe asubiri siku mbili tatu. Joto huita damu zaidi mahali ambapo tayari inavuja ndani, na kuchua kwa nguvu huendeleza kuchanika. Kama mfupa umevunjika, kuchuliwa ni hatari zaidi.

Utajuaje kama umevunjika? Madaktari hutumia kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya kila moja ya nundu mbili za kifundo, ya ndani na ya nje. Bonyeza pia mfupa uliochomoza katikati ya ukingo wa nje wa mguu, na ule ulioko mbele kidogo ya nundu ya ndani. Kama mfupa wenyewe unauma mahali popote hapo, au huwezi kutembea hatua nne hata kwa kuchechemea, nenda kapigwe picha. Kama sivyo, anza kuukanyagia taratibu baada ya siku chache, kwa sababu kulala wiki nzima hudhoofisha kifundo.

9. Piga mswaki kwa mguu mmoja

Enka iliyoteguka mara moja hupenda kuteguka tena, maana kifundo kimepoteza uwezo wa kuhisi kilivyokaa. Ukipiga mswaki, simama kwa mguu mmoja nusu dakika, badilisha. Ukizoea, fumba macho, ukuta uwe karibu.

10. Mwenye kisukari agusiwe vidole

Kisukari kikikaa muda mrefu bila kudhibitiwa huua mishipa ya fahamu ya miguu polepole. Mtu hukanyaga msumari asubuhi akautembelea mpaka jioni. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dkt. Zulfiqarali Abbas, waliandika katika jarida la kitabibu habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Tumezoea kusema panya huuma huku akipuliza. Kwa mguu wenye ganzi, hana haja ya kupuliza. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, na mabaki ya chakula yasilale chumbani.

Kipo kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, ambacho hakihitaji kifaa. Mlaze mzazi wako, miguu wazi. "Mama, fumba macho. Nikikugusa, sema kulia au kushoto." Kwa ncha ya kidole chako cha shahada, gusa kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kutekenya: kidole gumba cha kulia, kidogo cha kulia, gumba cha kushoto, kidogo cha kushoto, cha katikati cha kulia, cha katikati cha kushoto. Usirudie alipokosa. Akikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yake imepoteza hisia na anahitaji kuonwa kliniki mapema.

Huyo asitembee peku hata ndani ya nyumba. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Maji ya kuoga apimiwe na mwingine, au apime kwa kiwiko. Asiote moto miguu, asikate sugu mwenyewe. Kidonda kikitokea, aende hospitali siku hiyohiyo, na kutouma kusimdanganye, maana hapo kutouma ndiyo hatari yenyewe. Hata mwenye kisukari asiye na tatizo lolote la miguu ana haki ya kukaguliwa miguu angalau mara moja kwa mwaka. Avue viatu mbele ya daktari aombe: "Naomba nikaguliwe miguu."

11. Bonyeza kifundo kilichovimba

Bonyeza kwa dole gumba juu kidogo ya kifundo, hesabu mpaka kumi, achia. Kikibaki kishimo, maji yamejaa. Baada ya siku ndefu ya kusimama, kuinua miguu mara nyingi kunatosha. Ikivimba miguu yote miwili siku baada ya siku, kapimwe moyo, figo na ini. Ukivimba mmoja tu, wenye joto na maumivu kwenye shavu la mguu, hasa baada ya safari ndefu ya basi, huenda damu imeganda ndani: wahi hospitali, usichue. Mjamzito aliyevimba ghafla uso na mikono, kichwa kinamgonga au macho yanaona ukungu, asisubiri kupambazuke.

12. Funza asichokolewe kwa pini ya familia nzima

Pini moja kwa watoto watatu husambaza maradhi, na kidonda kichafu huleta pepopunda. Mpeleke mtoto kituo cha afya. Kwa wanaokaa sakafu ya udongo, kuinyunyizia maji na kuifagia kila siku hupunguza vumbi ambamo funza hukulia.

13. Kwa mama aliyejifungua jana

Nyoosha miguu ya mtoto uitazame. Kama unyayo mmoja au nyayo zote zimepinda kuelekea ndani na hazinyooki ukizisukuma taratibu, usikubali kuambiwa atanyooka akianza kutembea. Njia ya Dkt. Ignacio Ponseti hunyoosha mguu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, na wengi huhitaji pia mkato mdogo wa kano ya kisigino. Ni bora kuanza wiki za mwanzo za maisha. Plasta zikiisha, mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma: miezi mitatu ya kwanza karibu saa zote, kisha wakati wa kulala tu mpaka afikishe miaka minne au mitano. Mguu ukishaonekana mzuri, wazazi wengi huviweka kabatini, nao huanza kupinda upya. Mvalishe kila usiku, hata akilia, mpaka daktari aseme basi.