Nilishonwa fistula, sasa nina mimba na mume hajui

*Shangazi, nakuandikia nikiwa upande wa Nyabiondo, kwenye njia ya kwenda Walikale. Nina miaka 26. Mimba ya kwanza niliibeba nikiwa na miaka 17, wakati tulipokuwa tumekimbia vita. Uchungu ulinishika siku mbili, mchana na usiku. Mtoto alitoka amekufa, na siku chache baadaye mkojo ukaanza kutoka wenyewe, hata nikilala. Mume wa wakati ule alinirudisha kwa wazazi wangu. Nilikaa hivyo miaka minne, hadi watu wa kanisa wakanipeleka Goma, nikashonwa, nikakauka.*

*Sasa nimeolewa tena, na mwanaume mwema, na nina mimba ya miezi mitano. Yeye anajua tu kwamba mtoto wa kwanza alikufa. Mengine sikumwambia. Siku hizi nikikohoa au nikiinua kidumu cha maji, matone ya mkojo yanatoka. Na mfupa wa mbele kule chini unaniuma kana kwamba unataka kuachana. Hata kugeuka kitandani ni kazi. Naogopa mshono umefunguka. Kliniki ya wajawazito, CPN, nimeenda mara moja, lakini wifi yangu alikuwa amekaa kando, sikusema kitu. Mama mkwe anasema nitazalia nyumbani, mikononi mwake, kama wake wengine wa wanawe, na kwamba wanawake wanaopasuliwa ni wavivu. Nikisema, ndoa itavunjika. Nikinyamaza, naona nitakufa. Nifanye nini?*

*Mwenye siri, Masisi*

Mwanangu, unabeba siri mbili, nawe umezifunga katika kitenge kimoja. Moja unamficha mumeo. Nyingine unamficha mkunga. Ya mumeo inaweza kungoja wiki mbili, tatu. Ya mkunga haikupaswa kungoja hata ile siku ya kwanza.

Kwa hiyo rudi kituoni wiki hii, na wifi asikusindikize. Sema unapitia sokoni, sema unaenda kusali, utajua mwenyewe. Ukifika, omba kuongea na mkunga peke yenu, mlango umefungwa, kisha mwambie: nilishonwa fistula. Kama bado unayo karatasi ya Goma, ichukue. Kama ilipotea katika kukimbia, si kitu. Mweleze ulishonwa mwaka gani na wapi, na kama walikushona mara moja au zaidi. Mkunga amefungwa na kazi yake asitoe habari za mgonjwa. Na kama unaogopa kwamba wifi atasoma kadi yako, mwambie hilo pia, mpatane jinsi ya kuandika.

Kwa nini nakusukuma hivi? Fistula yako ilitokana na kichwa cha mtoto kukwama. Kwa siku mbili kilibana kibofu cha mkojo dhidi ya mfupa wa kinena, damu haikupita, nyama ikafa, na siku chache baadaye ikadondoka, ikaacha tundu. Daktari aliliziba. Lakini nyama iliyoshonwa ni kovu, na kovu halivutiki kama nyama nzima. Likibanwa tena vile, litaachia. Zaidi ya hayo, hakuna anayejua kama nyonga iliyokataa kumpitisha mtoto wa kwanza itampitisha huyu. Mtu akikuambia "wakati ule ulikuwa mdogo, sasa umekomaa", huenda ni kweli na huenda si kweli, ila si wewe wa kujaribiwa. Ndiyo maana madaktari wanaoshona fistula humwambia kila mwanamke maneno yaleyale: mtoto atakayefuata azaliwe kwa sezariene, hospitalini, siku iliyopangwa, kabla uchungu haujaanza. Nadhani nawe uliambiwa hivyo siku ya kutoka Goma, ila furaha ya kukauka ikayafunika.

Mama mkwe simdharau. Mikono iliyopokea wajukuu wengi ni mikono ya kuheshimiwa, na katika vijiji ambako risasi hufika mapema kuliko daktari, mikono kama hiyo imeokoa watu. Lakini hajui anachokipokea, maana hukumwambia. Na akikunywesha dawa ya mizizi ya kuharakisha uchungu, au akikukandamiza tumbo ili mtoto ashuke, kizazi kinaweza kupasuka, nanyi wawili mkafa kabla ya mtu kupata moto (pikipiki) ya kuwabeba. Kuhusu neno lake la uvivu, sitalijibu. Mwanamke aliyelowa miaka minne akasimama tena, nani wa kumfundisha kazi?

Sasa hayo matone. Hapa nina habari njema kidogo. Fistula inavuja wakati wote: umesimama, umelala, umekohoa, hukukohoa. Matone yanayotoka ukikohoa, ukicheka au ukiinua kidumu ni kitu kingine. Ni misuli inayoziba njia ya mkojo imelegea, nayo hulegea kwa wajawazito wengi sana, hata wasiowahi kushonwa, kwa sababu tumbo linakandamiza kibofu. Hata hivyo usijipime kwa maneno yangu. Mkunga akuangalie, na mkojo upimwe, maana kama unachoma au unakwenda haja ndogo kila mara, huenda kuna maambukizi, na hayo yakiachwa wakati wa mimba hupanda hadi kwenye figo na yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Kuna alama mbili ambazo hazingoji siku ya CPN. Moja ni ukiamka kitanda kimelowa bila kujua kimelowa saa ngapi. Nyingine ni maji mengi kutoka ghafla, yasiyo na harufu ya mkojo. Hayo yanaweza kuwa maji ya mtoto. Ukiona mojawapo, nenda siku hiyohiyo.

Na kunywa maji! Nawajua nyinyi mliowahi kuvuja: mlijizoeza kutokunywa ili msilowe, na mazoea hayo yanabaki hata baada ya kupona. Mkojo mchache huwa mkali, unachoma, na ndio unaoalika maambukizi.

Kuna zoezi ambalo wataalamu wa mazoezi ya viungo, wale mnaowaita kine, huwafundisha wanawake baada ya kushonwa. Huenda uliwahi kulifanya Goma. Unabana misuli ya chini kama mtu anayezuia upepo usimtoke kanisani, bila kubana tumbo, bila kushika pumzi. Unahesabu hadi tano, unaachia kabisa, unapumzika, unarudia. Mara kumi asubuhi, kumi mchana, kumi usiku. Hakuna atakayekuona, hata ukiwa unasonga fufu. Lifanye kibofu kikiwa kitupu, si wakati wa kukojoa, na kama linaleta maumivu, acha hadi mkunga akuangalie.

Mfupa unaokuuma nao una sababu yake. Mimba hulegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga, ili mtoto apate nafasi. Kwa wengine zinalegea kupita kiasi, mifupa inasuguana, na kila hatua ni kisu. Haimdhuru mtoto. Ukigeuka kitandani, bana magoti pamoja kisha ugeuke mwili mzima kama gogo. Vaa ukiwa umekaa, usisimame kwa mguu mmoja. Kunja kitenge kiwe na upana wa kiganja, ukifunge chini ya tumbo kuzunguka nyonga, kikaze vizuri lakini kisikuzuie kupumua. Wengi hupata nafuu siku hiyohiyo.

Lakini kitenge hakitashinda kidumu. Maji ya litre 20 ni kilo 20, na nazijua njia za Masisi, zinapanda na kushuka kama mawimbi. Huku kwetu mwanamke hubeba mgongoni maharage, viazi, kuni, makala, kamba kwenye paji la uso, na mtoto tumboni. Kila mzigo unasukuma chini. Wale mnaoniandikia juu ya kizazi kushuka, mnaohisi kitu kama yai kinachungulia chini jioni, nanyi jisikieni humu: mizigo hiyo na uzazi wa kufuatana ndivyo vinavyokishusha. Mwanangu, kidumu mpe mwingine. Akikosekana, chukua kidogo cha litre tano, uende mara nne. Watakucheka. Wacheke.

Sasa mumeo.

Umeogopa kumwambia, nami naelewa unaogopa nini. Hapa kwetu, mwanamke akisikiwa ana fistula, majirani wanamaliza hadithi wenyewe: alibakwa na watu wa silaha. Kisha wanaongeza aibu ambayo si yake, hata angekuwa amebakwa kweli. Lakini katika hospitali ya Panzi kule Bukavu, madaktari waliwahesabu wanawake 604 waliotibiwa fistula kati ya Novemba 2005 na Novemba 2007. Waliosema fistula yao ilitokana na ubakaji walikuwa 24. Wengine karibu wote waliumia katika kuzaa, kama wewe. Hata Daktari Mukwege wa hospitali hiyohiyo, ambaye dunia inamjua kwa kuwatibu waliobakwa na aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, kilichompeleka Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake ni wamama aliowaona wakifika hospitali ya Lemera wamechelewa, wameharibika kwa uzazi.

Kwa hiyo hukumficha mumeo uchafu. Ulimficha jeraha. Bado nasema mwambie, kwa sababu moja isiyo ya mapenzi: ndiye atakayetafuta pesa na watu wa kukubeba, na hospitalini wataulizia ndugu wa kusaini karatasi ya kupasuliwa. Akisikia neno fistula kwa mara ya kwanza pale mlangoni, utaugua mara mbili. Asisikie pia kwa mama yake. Mwambie mchana, mkiwa wawili, ameshakula. Anza na mtoto aliyekufa, maana hilo analijua, kisha endelea hadi Goma. Ukiona moyo unakataa, mwombe mkunga amwite aje nawe CPN, aeleze yeye kama mambo ya dawa. Wanaume wengi wanaomgomea mke humsikiliza mtu mwenye blauzi nyeupe. Ila kama huyu mwema ana mkono mwepesi wa kupiga, na hukuniandikia, usijaribu peke yako.

Akitaka kukuacha kwa hilo? Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Wa kwanza alifanya hivyo. Lakini yule alikuacha ukiwa unavuja. Huyu amekuoa ukiwa mkavu na amekujaza mimba. Nadhani atauliza swali moja tu: mtoto atapona?

Mjibu kwa mpango, si kwa machozi. Kutoka kwenu, uchungu ukianza usiku wa mvua, moto haipandi. Watakubeba kwa tipoyi, ile machela ya mabegani, na wabebaji wenyewe mtawapata wapi watu wakiwa wamekimbia? Ndiyo maana unahama kabla. Mwezi wa nane ukikatika, uwe tayari unalala karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Hospitali kuu ya Masisi, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walianza kuisaidia mwaka 2007, ilikuwa na kijiji chake cha kungojea, ambapo wamama wenye mimba za hatari hukaa hadi siku yao. Mwombe mkunga aulize kama kuna nafasi, na akuandikie karatasi ya kukutuma. Pahali pakikosekana, tafuta ndugu au muumini mwenzio anayekaa karibu.

Na shika njia mbili kichwani. Mwaka 2025, Masisi-centre ilitwaliwa na waasi wa M23 mwezi wa kwanza, Goma mwisho wa mwezi uleule, Walikale-centre mwezi wa tatu. Njia iliyo wazi leo inaweza kufungwa kesho. Kama ya Masisi imefungwa, ile ya hospitali kuu ya Walikale ikoje? Nani anaijua? Motari gani anakubali kwenda taratibu? Moto yenyewe ni adui wa mfupa wako, kwa hiyo safiri mapema, mchana, mkipumzika njiani, si siku ya mwisho. Uchungu ukikushika kabla ya kuhama, usikae kuuhesabu. Ondoka.

Nisisahau wasomaji wengine. Kama wewe umezaa juzi baada ya uchungu mrefu na mkojo umeanza kutoka wenyewe, usikae ndani miaka minne kama huyu binti. Kimbia hospitalini sasa. Tundu likiwa dogo na bado bichi, mpira wa mkojo ukiwekwa mapema na kukaa wiki kadhaa unaweza kuliziba bila kushonwa. Na waliochelewa, hospitali za HEAL Africa ya Goma na Panzi ya Bukavu zimewashona wengi waliokuwa wamekata tamaa.

Mwanangu, matibabu ya MSF hayalipishwi, lakini chakula cha kungojea, sabuni, motari, vitenge na mtu wa kukaa nawe vinataka pesa. Kama uko katika likirimba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, omba zamu yako isogezwe. Mimba ya miezi mitano hadi siku ya kuhama ni wiki kama 14. Anza kuweka Jumapili hii, baada ya misa, na ukishafika pale karibu na hospitali nitumie neno, hata kwa simu ya mtu.