Maua Mabichi Katika Vyombo Vilivyokwisha Kazi: Namna ya Kuyapanga na Kuyatunza

Kwa wakazi wa kata zilizo jirani na Usa River na Tengeru, maua yaliyokatwa si kitu kigeni. Chini ya Mlima Meru yapo mashamba yanayokuza maua ya kusafirishwa hadi Ulaya, na kaya nyingi zina waridi, alizeti au kala kandokando ya ua. Kinachokosekana mara nyingi ni chombo cha kuyawekea, na hapo ndipo kopo la maziwa ya unga, chupa ya jemu au birika lililovunjika mkono linapopata kazi ya pili kabla ya kupelekwa jalalani.

Chupa ya kioo ndiyo bora kuliko vyote, kwa kuwa huonyesha maji yanapochafuka. Kopo la bati hushika kutu, hivyo ni vyema chupa yenye maji iwekwe ndani yake na kopo libaki kuwa pambo tu. Chungu cha udongo nacho huvuja polepole na kuharibu meza. Dawa yake ni hiyohiyo. Chombo chepesi huhitaji kokoto chache chini ili kisipinduliwe na upepo wa dirishani.

Kipo chombo kimoja kisichofaa hata kikioshwa mara ngapi, nacho ni kopo au chupa iliyowahi kubeba viuatilifu. Plastiki hufyonza sumu na kuitoa kidogokidogo, na mtoto anayeona maua mezani hawezi kujua kilichokuwamo awali. Chombo cha namna hiyo husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakamiminwa katika pampu ya kunyunyizia, kisha hutobolewa kisitumike tena. Afisa ugani wa kata ataelekeza mahali pa kukipeleka.

Maua hukatwa alfajiri au jioni, wakati shina limejaa maji. Ua linapotenganishwa na mti wake, hewa huingia katika mishipa ya shina na kuzuia maji kupanda. Ndiyo sababu waridi huweza kuinamisha kichwa ilhali limesimama ndani ya maji tele. Shina likatwe tena mshazari, sentimita 2 hivi, likiwa ndani ya beseni la maji, kwa kisu kikali. Mkasi butu huponda mishipa badala ya kuikata. Majani yote yatakayozama yaondolewe, kwani yakioza huzalisha bakteria, na bakteria hao huziba shina kama taka zinavyoziba mfereji.

Wengi hutia sukari katika maji. Sukari ni chakula cha ua, lakini ni chakula cha bakteria pia, hivyo ikitiwa peke yake hudhuru kuliko inavyofaa. Kwa lita 1 ya maji, kijiko 1 cha chai cha sukari kiende pamoja na matone machache ya dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini. Asiye na dawa hiyo aache sukari, abadilishe maji kila baada ya siku 2 na kupunguza ncha ya shina kila mara.

Maua yasiwekwe juani wala karibu na mkungu wa ndizi zinazoiva. Ndizi mbivu hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi nyingine, nayo huzeesha maua kabla ya wakati.

Jambo la maji linahusu afya pia. Milipuko ya homa ya dengue ya mwaka 2014 na 2019 iliathiri zaidi Dar es Salaam, lakini mbu wa Aedes anayeieneza hahitaji bwawa; maji ya kikombe kimoja humtosha. Hugandisha mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, nayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Angalau mara moja kwa wiki chombo kisuguliwe ndani kwa brashi na sabuni, vivyo hivyo vyombo vya maua vilivyoachwa makaburini, ambavyo hujazwa na mvua bila mtu kuvitazama.

Maua yaliyonyauka yaende kwenye shimo la mboji. Mashina ya waridi yakatwe vipande vifupi kwanza, kwa kuwa miiba huchelewa kuoza na humchoma anayechota mboji kwa mikono mitupu.