"SHETANI ALINIPITIA"

Someni: Mwanzo 3:8–13, Zaburi 51, Yakobo 1:13–15.

Ndugu wapendwa, katika nyumba zetu za Kinondoni na Temeke, sokoni, hata mlangoni pa kanisa, twasikia kila siku misemo imtajayo Ibilisi. Twaitamka pasipo kufikiri. Basi leo na tuipime.

1. Misemo ya mfano. Waingereza, mtu akitokea ghafula wakati anapotajwa, husema kwamba ukimtaja Ibilisi, yeye huja. Zamani watu waliogopa kweli kumtaja; siku hizi ni mzaha tu. Tena husema, Heri Ibilisi umjuaye kuliko usiyemjua. Sisi twasema, Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwao mtu ndiye ajuaye, kwetu ni zimwi. Lakini misemo yote miwili humtuliza mtu katika shida aliyoizoea. Katika mambo ya dunia si vibaya. Bali mtu asemaye hivi juu ya ulevi wake amedanganyika, maana dhambi iliyozoewa hula hata ikamaliza.

2. Msemo wa hatari. Mume amempiga mkewe, kijana ameiba, mweka hazina ametumia fedha za kikoba. Akiulizwa, ajibu, "Ni shetani tu, alinipitia." Kwa neno hilo Shetani amekuwa kama upepo upitao na kuangusha mti, wala mtenda dhambi mwenyewe haonekani.

Je, ni uongo mtupu? Sivyo. Mtume Petro atuonya juu ya adui huyo (1 Petro 5:8). Naye Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akilieleza ombi la sita la Sala ya Bwana, ataja watatu watudanganyao: Ibilisi, dunia, na mwili wetu wenyewe. Msemo wetu wamtaja wa kwanza na kuwaficha wawili. Yakobo ausema ule uliofichwa: kila mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe.

3. Mifano miwili. Mwanamke katika bustani alisema kweli kwamba nyoka alimdanganya. Hata hivyo kweli ile haikumwondolea hatia yake. Daudi naye, katika Zaburi ya 51, hamtaji Shetani hata mara moja. Ayataja makosa yake, akiyaita yake.

4. Hasara ya msemo huu. Mke aliyepigwa amsamehe nani, ikiwa mumewe hakutenda neno? Na fedha za kikoba, nani atazirudisha? Shetani harudishi kitu. Tena mtu asiyekiri dhambi kuwa yake hawezi kupokea ondoleo lake kuwa lake. Hapo ndipo Ibilisi apatapo faida mara ya pili.

Ninyi waalimu, mtu akiwaambia maneno haya, msimcheke wala msimkaripie. Mwulizeni kwa upole, "Na wewe, alipopita, ulikuwa wapi?" Kisha mngojeni mpaka aseme neno moja fupi: Nimekosa. Kwa neno hilo mlango wa rehema hufunguliwa, na njia ya kulipa huanza.

Maswali:
1. Ni watatu gani watudanganyao?
2. Daudi na yule mwanamke walitofautianaje katika kujibu?
3. Je, yuko mtu uliyemwambia, "Shetani alinipitia"? Utamwendea lini?