SOMO: MAJI, VUMBI NA SAUTI YA MAMA

Wamama, leo tunafundishana juu ya mukutano wa kartiye. Pengine mutauliza: "Maneno ya mukutano yanaingia namna gani katika somo la sipitali?" Tusikilizane pole pole.

1. Ugonjwa unaotoka inje

Kila siku tunafundisha: chemsha maji, mutoto asihare. Ni vizuri, tuendelee. Lakini mujue hili: moto unaua mikrobu, hauondoi madini. Kama takataka za mugodi zimeingia mutoni, hata ukichemsha maji mara mbili, sumu inabaki mule mule. Vumbi vile vile: linaanguka juu ya lengalenga, juu ya mihogo iliyoanikwa, na juu ya mikono ya mutoto anayetambaa.

Huko Kolwezi, katika kartiye Kasulo, watu walianza kuchimba kobalti katikati ya nyumba mwaka 2014. Waganga walipopima damu na mikojo ya wenyeji, walikuta kobalti nyingi, zaidi sana kwa watoto. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2018. Dawa ya shida ya namna hii haiko yote katika kabati ya sipitali. Ingine iko mahali wakubwa wanapokata shauri. Kwa hiyo mama asikose kule.

2. Sheria inasema nini?

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu 53, inasema kila mutu ana haki ya kuishi mahali pazuri kwa afya, na anapashwa kupalinda.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inawapa wenyeji haki ya kupata habari na ya kusema neno lao wakati wa kukata shauri.

Sheria ya madini, iliyogeuzwa mwaka 2018, inadai sosiete iandike ahadi zake kwa wenyeji. Karatasi hiyo wanaiita kaye de sharji. Tena sosiete inapashwa kutoa angalau feza 3 juu ya kila 1000 za mauzo kwa kazi za maendeleo ya wenyeji.

Basi, kisima hatuombi kama sadaka. Kama kiko ndani ya karatasi ya ahadi, ni deni.

3. Mama afanye nini?

a) Uliza shefu wa kartiye: mukutano ni siku gani, saa gani? Kama ni saa ambayo wamama wako shambani ao sokoni, muombe mapema saa ingine.

b) Andika unayoona: tarehe, rangi ya maji, samaki waliokufa, watoto wangapi walihara. Usiyejua kuandika, mwambie binti wa masomo akuandikie.

c) Muende wengi, kwa amani, na muchague wawili wa kusema. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama wanasema Kifaransa tu, ombeni wageuze kwa Kiswahili.

d) Usitie jina wala kidole kwa karatasi usiyosomewa. Uliza kwanza: "Hii ni karatasi ya waliofika, ao ni ya waliokubali?" Ni vitu viwili mbalimbali.

e) Ombeni kopi moja ibaki kartiye. Kisha miezi sita, muisome tena pamoja: waliahidi nini? Kimetimia nini?

Pengine baba atasema: "Mukutano ni wa wanaume." Umujibu kwa upole: "Nani anachota maji? Nani analala macho mutoto akiwa na homa?" Anayechota maji ndiye anajua siku yalipogeuka rangi. Asipokuwa kwenye mukutano, habari hiyo haitasemwa, na karatasi itaandikwa bila yeye.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Kuchemsha maji kunaondoa nini? Hakuondoi nini?
2. Maji ya kartiye yetu yanatoka wapi, na nini iko juu ya muto?
3. Mukutano unaokuja ni lini? Wamama wawili gani watasema?